Reflekta za Nyakahura na Chembe Zing'aazo Ndani ya Plastiki

Barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, hupita katika kata ya Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Malori yabebayo shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda huitumia kila siku. Kando ya barabara hiyo hiyo hupita wanafunzi waendao shuleni kwa miguu, wakulima wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi, na vijana wa bodaboda. Wengi wa vijana hao huvaa kizibao chembamba cha rangi ya machungwa au ya njano iliyochanganyika na kijani, ambacho watu wamezoea kukiita reflekta.

Jina hilo lina kosa ndani yake, na kosa hilo si la maneno matupu. Kizibao kina sehemu mbili zinazofanya kazi kwa kanuni mbili tofauti kabisa za fizikia. Mikanda ya rangi ya fedha iliyoshonwa kifuani na mgongoni ndiyo hasa reflekta, kwa kuwa hurudisha nuru kule ilikotoka. Kitambaa chenyewe, kile kinachovuta macho mchana, hufanya jambo jingine: hupokea nuru ya namna moja na kutoa nuru ya namna nyingine. Anayezichanganya kazi hizi mbili huweza kudhani kuwa analindwa saa ambayo halindwi.

Kuna jambo la pili ambalo kila mwenye kizibao amelishuhudia. Kikiwa kipya huwaka kama kaa la moto. Baada ya miezi kadhaa ya kushinda juani hupauka, na rangi ya machungwa hugeuka kuwa kama ya udongo uliokauka. Nyuzi za kitambaa huenda bado ni imara, wala hakijachanika popote. Kilichokufa ni dawa iliyomo ndani yake. Makala hii yaeleza dawa hiyo ni kitu gani, kwa nini hufa, na jinsi wanakemia wanavyojaribu kuirefushia maisha kwa kuifungia ndani ya chembe ndogo mno kabla ya kuitia katika plastiki.

Nuru inayoingia na nuru inayotoka

Ukuta uliopakwa rangi nyekundu huonekana mwekundu kwa sababu hufyonza sehemu nyingine za nuru ya jua na kurudisha sehemu nyekundu tu. Nuru iliyofyonzwa hugeuka joto na kupotea machoni. Kwa hiyo rangi ya kawaida ni hesabu ya kutoa: kinachorudi hakiwezi kuzidi kilichokuja.

Kitambaa cha kizibao huongeza hesabu ya kujumlisha. Molekuli za dawa yake hufyonza nuru ya buluu, ya kijani na ya urujuanimno, yaani ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, kisha huitoa upya ikiwa ya njano au ya machungwa. Nuru hiyo mpya hujiunga na ile ya machungwa iliyorudishwa kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana kitambaa hicho, kikipimwa katika sehemu hiyo ya rangi, huweza kutoa nuru nyingi kuliko hata karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake. Jicho halina mazoea ya kuona kitu kinachorudisha zaidi ya kilichopewa, na kwa hiyo hukitambua mara moja. Tendo hili huitwa fluoresensi.

Aliyelichunguza kwa makini na kulipa jina ni George Gabriel Stokes, mtaalamu wa hisabati na fizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1852. Stokes alitumia maji yaliyoyeyushwa kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria ambayo wazee wengi wa Kagera wanaikumbuka vizuri kuliko wanavyotaka. Aliitawanya nuru ya jua kwa mche wa kioo ili rangi zake zijipange, kisha akaisogeza chupa ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Katika nyekundu, njano na kijani hapakutokea kitu. Alipoivusha chupa kupita urujuani, mahali ambapo jicho liliona giza tupu, maji yakawaka buluu. Neno fluoresensi alilitoa katika jina la madini ya fluorspa, ambayo baadhi yake yana tabia hiyo hiyo.

Kanuni aliyoiona yaendelea kufundishwa kwa jina lake: nuru itokayo huwa na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ile iliyoingia, yaani huwa na nishati ndogo zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kuihakiki kwa kikokotoo. Fungu moja la nuru ya buluu yenye urefu wa wimbi wa nanometa 450 lina nishati ya jouli 4.4 × 10⁻¹⁹. Fungu la nuru ya machungwa ya nanometa 600 lina jouli 3.3 × 10⁻¹⁹. Molekuli iliyopokea la kwanza na kutoa la pili imebaki na robo ya nishati, na robo hiyo huishia kuwa mtikisiko wa atomu zake, yaani joto. Tendo zima, tangu elektroni inaporushwa juu hadi inaporudi chini na kutoa nuru, huchukua nanosekunde chache tu.

Fluoresensi si tabia ya viwandani peke yake. Majani mabichi ya mchicha au ya kisamvu yakitwangwa, yakalowekwa katika spiriti na kuchujwa, hutoa maji ya kijani kibichi. Chupa ya maji hayo ikimulikwa ubavuni kwa tochi ya urujuanimno, ile inayotumiwa na makarani kukagulia noti, hung'aa nyekundu kama damu. Hiyo ni klorofili. Wanafunzi hushangaa, na ni haki yao kushangaa, kwa kuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba klorofili ni kijani.

Ajali iliyozaa rangi ya mchana

Dawa za rangi zing'aazo zilijulikana kabla ya karne ya 20. Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini mwaka 1871, na jamii ya rodamini ikafuata katika miaka ya 1880. Lakini zilibaki vitu vya maabara mpaka vijana wawili wa Marekani, ndugu Joseph na Robert Switzer, walipozichukulia kama mchezo. Robert aliumia kichwa kazini mwaka 1933, akashauriwa kukaa gizani mpaka macho yapone. Katika giza hilo yeye na nduguye, wakiwa na taa ya urujuanimno, walianza kupekua chupa katika duka la dawa la baba yao wakitafuta vitu ving'aavyo.

Hatua yao muhimu ilikuja baadaye. Waligundua kuwa dawa ikiyeyushwa ndani ya utomvu mgumu wa plastiki, ambao ni aina ya polima, na polima hiyo ikisagwa kuwa unga, rangi hung'aa hata katika nuru ya kawaida ya mchana bila taa ya pekee. Vitambaa vya namna hiyo vilitumiwa na majeshi ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili kupeana ishara kati ya ardhini na angani.

Msingi huo haujabadilika. Unga wa rangi zing'aazo unaotiwa katika rangi za kupaka na katika plastiki bado ni polima iliyomeza dawa, na kila chembe yake huwa na upana wa nanometa elfu kadhaa. Kwa kitambaa cha poliesta njia ni fupi zaidi: dawa hupenyezwa moja kwa moja ndani ya nyuzi zikiwa katika maji ya moto sana.

Kwa nini dawa hufa

Molekuli ya dawa iliyopokea nuru imo katika hali ya hatari. Mara nyingi hujituliza kwa kutoa nuru na kurudi salama. Lakini mara chache huteleza na kuingia katika hali nyingine ambayo hudumu muda mrefu zaidi, mara elfu na zaidi ya ule wa kawaida. Katika muda huo oksijeni ya hewani, ambayo hupenya katika plastiki nyingi bila kizuizi kikubwa, huweza kuifikia. Oksijeni hupokea nishati ile, nayo hugeuka kuwa kali kiasi cha kuvunja vifungo vya molekuli iliyo karibu, ambayo kwa kawaida ni dawa ile ile. Molekuli iliyovunjika haing'ai tena. Tukio hili ni la nadra kwa kila mzunguko mmoja, lakini jua la mchana mmoja huizungusha molekuli mara nyingi mno.

Nyakahura ina bahati mbaya mbili katika jambo hili. Iko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi mwaka mzima. Tena iko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Kizibao kilichobuniwa kwa jua la Ulaya ya kaskazini hukutana hapa na mtihani ambao hakikuandaliwa.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi wasitie dawa nyingi zaidi, ili zikifa baadhi zibaki nyingine? Jibu ni kuwa molekuli za dawa zikisongamana hudhuruana. Iliyopokea nuru huipitisha nishati kwa jirani aliye umbali wa nanometa chache kabla haijaitoa, jirani naye kwa mwingine, mpaka nishati iangukie mahali penye kasoro na kuwa joto. Theodor Förster, mwanakemia wa Ujerumani, alieleza upitishaji huu katika miaka ya 1940. Kwa hiyo dawa ikizidi kiasi, mng'ao hupungua badala ya kuongezeka.

Kuifungia dawa katika kioo

Dawa, basi, inahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: itengwe na oksijeni, molekuli zake zisigusane, na isihame kutoka mahali pake kitambaa kinapofuliwa. Chembe za nano ni jaribio la kuyapata yote matatu. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa nanometa 80,000 hivi. Chembe za nanometa 40 zikipangwa safu moja, zahitajika 2,000 kuuvuka unywele huo.

Kitu kinachotumiwa sana kujengea chembe hizo ni silika. Neno hili hapa halihusiani na silika ya mnyama. Ni kampaundi ya silikoni na oksijeni, ile ile iliyomo katika mchanga mweupe na katika kioo cha dirisha. Mwaka 1968 Werner Stöber, Arthur Fink na Ernst Bohn walichapisha njia nyepesi ya kutengeneza vidonge vya silika vya mviringo vyenye ukubwa unaolingana. Kampaundi ya silikoni huchanganywa na spiriti, maji na amonia, nayo polepole hujijenga kuwa vidonge, bila tanuri wala shinikizo. Mwaka 1992 Waholanzi Alfons van Blaaderen na Agienus Vrij walionyesha jinsi ya kuifunga dawa ndani ya vidonge hivyo kwa kifungo halisi cha kikemia, si kwa kuimeza tu. Tofauti hiyo ni kubwa: dawa iliyomezwa huweza kutoroka, lakini iliyofungwa haina pa kwenda.

Mwaka 2005 kikundi cha Ulrich Wiesner katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilieleza chembe zenye kiini kilichobeba dawa na ganda la silika tupu juu yake. Chembe moja iling'aa mara 20 hadi 30 kuliko molekuli moja ya dawa iliyoachwa huru majini, na ilidumu zaidi chini ya nuru kali. Kioo kinachoizunguka molekuli huibana isijitikise ovyo na kupoteza nishati kwa joto, na hupunguza oksijeni inayoifikia.

Udogo wa chembe una faida nyingine. Chembe iliyo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la nuru hutawanya nuru kidogo mno: upana wake ukipungua kwa nusu, nuru inayotawanywa na chembe moja hupungua mara 64. Hivyo plastiki iliyotiwa unga wa kawaida huwa kama maziwa, ilhali iliyotiwa chembe za nano zilizotawanyika vyema yaweza kubaki angavu kama kioo na bado ikang'aa. Uzi mwembamba nao haudhoofishwi kama unavyodhoofishwa na unga wenye punje nene.

Lakini maneno "zilizotawanyika vyema" ndiyo yenye taabu yote. Mchemraba wa silika wenye ujazo wa sentimeta 1 ya ujazo una eneo la nje la sentimeta 6 za mraba. Ukikatwakatwa kuwa vijichemraba vyenye upande wa nanometa 50, jumla ya eneo la nje huwa mita 120 za mraba, ambalo latosha kufunika sakafu za madarasa mawili. Uso wa silika hupenda maji, na polima kama polithini huchukia maji. Chembe zikitupwa ndani ya polima iliyoyeyuka bila maandalizi, hukumbatiana zenyewe na kuwa mabonge, mithili ya unga wa muhogo uliomwagwa kwa pupa katika maji ya ugali. Mabonge hayo ni makubwa kuliko hata unga wa kawaida, na faida zote zilizotajwa hutoweka.

Kwa sababu hiyo uso wa kila chembe huvalishwa koti. Hutumiwa molekuli zenye vichwa viwili: kichwa kimoja hushikamana na silika, na mkia hutengenezwa kwa hidrokaboni inayofanana na polima yenyewe. Chembe iliyovishwa hivyo hukubaliwa na plastiki kama mwenyeji. Katika maabara kazi ya koti huchukua muda na akili nyingi kuliko kazi ya dawa, ingawa dawa ndiyo inayosifiwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Na hata hivyo mtihani wa moto ungalipo: poliesta huyeyuka katika joto la kadiri ya sentigredi 250 na zaidi, ambalo dawa nyingi za rangi hazilistahimili, hata zikiwa ndani ya ganda.

Matumizi ya chembe hizi yaliyotangulia mbele hayakuwa ya mavazi bali ya tiba, kwa kuwa huko gramu chache hutosha na bei kubwa huvumilika. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu chembe za aina ya Cornell zijaribiwe kwa watu wenye saratani, ili kuwaonyesha madaktari mahali uvimbe ulipo. Vizibao vya bei nafuu vinavyoning'inizwa madukani hutiwa dawa kwa njia ile ya zamani. Mpaka gharama ya chembe ishuke, mwenye kizibao ataendelea kununua kingine.

Kile ambacho chembe haziwezi

Hata kizibao kisichopauka kamwe hakingemaliza shida ya barabara ya Rusumo. Fluoresensi haizalishi nuru. Huibadilisha tu ile iliyokuja. Wakati wake bora ni alfajiri na machweo, ambapo nuru ya anga ina buluu nyingi na vitu vingine vyote vimefifia. Huko Kagera jua huzama karibu saa 1 usiku kwa saa ya Tanzania, nusu saa hivi baada ya kuzama Dar es Salaam, na karibu na ikweta utusitusi hudumu dakika 20 tu. Baada ya hapo kitambaa, kipya au kikuukuu, kina taa za lori peke yake za kutegemea. Taa za kizamani zina buluu kidogo. Taa mpya za LED zina buluu zaidi, lakini nuru inayotolewa na kitambaa husambaa pande zote, na sehemu ndogo tu humrudia dereva.

Mikanda ya fedha ndiyo yenye kazi hapo. Juu yake kuna shanga za kioo ambazo jicho haliwezi kuzihesabu, na kila moja huikusanya nuru na kuirudisha kule kule ilikotoka, penye taa na dereva. Kanuni ya kimataifa ya vizibao vya usalama, ISO 20471 ya mwaka 2013, hudai mkanda mpya urudishe kandela zisizopungua 330 kwa kila laksi na kila mita ya mraba, ukitazamwa karibu moja kwa moja. Kitambaa cheupe kabisa kisicho na shanga kingetoa thuluthi moja ya kandela. Uwiano ni kama 1,000 kwa 1. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 33 katika sekunde moja na nusu, kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kizibao chenye rangi kali na mikanda iliyochakaa kwa kufuliwa ni vazi la mchana tu.

Jaribio la shule

Walimu wenye nafasi waweza kuyapima haya bila maabara. Kutoka katika kizibao kimoja kipya zikatwe tepe tatu za kitambaa. Ya kwanza ifungwe kabisa katika karatasi ya alumini, ya pili ifunikwe kwa kipande cha kioo cha dirisha, ya tatu iachwe wazi. Zote zibandikwe juu ya ubao ulioelekezwa angani, juu ya paa la darasa. Kila baada ya wiki mbili zilinganishwe kwa macho, mara moja adhuhuri na mara moja wakati wa machweo, kwa muda wa miezi mitatu. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya urujuanimno na hakizuii buluu, kwa hiyo tofauti kati ya tepe ya pili na ya tatu itawaonyesha wanafunzi ni mionzi ipi iuayo zaidi. Wenye tochi ya urujuanimno wazimulike tepe hizo gizani pia, bila kuielekeza tochi machoni.

Kwa mkanda wa fedha, mwanafunzi asimame hatua 30 usiku akiwa na tochi ya kawaida. Kwanza aishike kando ya jicho, kisha mkono ukiwa umenyooshwa mbali ubavuni. Mkanda uliowaka mara ya kwanza utafifia mara ya pili, na mkanda uliochakaa hautawaka katika mara zote mbili. Vizibao vya waendesha bodaboda wanaosubiri abiria karibu na shule vyaweza kupimwa kwa namna hiyo hiyo, wenyewe wakiridhia, na umri wa kila kizibao ukaandikwa kwenye daftari kando ya matokeo yake.